Tumbo la kuli na pushapu za mheshimiwa

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 28 anayebeba mizigo katika soko moja la Dar es Salaam. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mtaalamu. Nabeba magunia tangu nina miaka 19. Naamka saa tisa usiku, saa kumi niko kwenye fuso, nashusha viazi na vitunguu mpaka saa nne au saa tano. Mabega yamejaa, mgongo umejengeka, lakini tumbo linatangulia. Juzi alikuja mgombea sokoni kwetu, akavua koti, akapiga pushapu ishirini pale pale chini. Shati likapanda, tukaona tumbo limekatika vipande. Akasema, 'Mimi ni mtu wa kazi kama ninyi.' Wenzangu wakashangilia, halafu wakanigeukia mimi: mheshimiwa anapiga kazi kuliko wewe, hebu tazama kitambi chako. Nimepiga sitapu mia kila jioni kwa miezi miwili, sioni mabadiliko. Nifanyeje nipate siksipaki? Na je, mtu mwenye mwili ule si kweli anaijua kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja, kwa hiyo nitayajibu pamoja. Wewe, wenzako na huyo mgombea mmekubaliana, bila hata kujadiliana, kwamba tumbo la mtu linaeleza anafanya kazi kiasi gani. Halielezi. Nimetibu migongo, magoti na mabega ya watu wa kazi nzito kwa miaka mingi. Lingekuwa linaeleza, makuli wa nchi hii ndio wangekuwa wanapigwa picha za mabango ya jimu.

Tuanze na tumbo lenyewe. Vile vipande ulivyoviona si misuli sita. Ni msuli mmoja mrefu, wenye nusu ya kulia na nusu ya kushoto, unaoanzia kwenye mbavu za chini na kushuka mpaka mfupa wa kinena. Katikati unapita ukanda mweupe, mgumu, unaoteremka wima kupitia kitovuni, na kwa upana msuli umekatwa na kano fupi. Mikato hiyo umezaliwa nayo. Kuna wenye vipande vinne, wapo wa sita, wapo wa nane, na wapo wengi ambao vya kulia havilingani na vya kushoto. Mazoezi yanaunenepesha msuli, hayaongezi hata kipande kimoja. Wewe unayevuta na kuinua kila siku, msuli huo unao tayari, tena mnene. Umefunikwa tu.

Kinachoufunika ni mafuta, nayo yapo ya aina mbili. Kuna yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyabana kwa vidole ukiwa umekaa. Na kuna ya ndani kabisa, nyuma ya msuli, yanayozunguka utumbo na ini. Haya huwezi kuyabana. Yanalisukuma tumbo mbele huku juu likiwa gumu kama ngoma, na ndiyo yanayonihangaisha mimi, maana yanakwenda pamoja na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Chukua uzi, simama wima, pumua nje kawaida, uzungushe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, kisha uupime kwa rula. Kwa mwanamume, Shirika la Afya Duniani linaweka alama ya tahadhari kwenye sentimita 94, na kuanzia 102 hatari inakuwa kubwa zaidi. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Ukiwa chini ya 94, tumbo lako ni suala la sura zaidi kuliko la afya. Ukiwa juu, tunayo kazi ya maana kuliko siksipaki.

Na ili vile vipande vionekane, mafuta ya mwili mzima kwa mwanamume yanatakiwa kushuka mpaka karibu asilimia 10 hadi 14. Wanaume wengi wenye afya njema kabisa wako juu ya hapo na wala hawana tatizo. Nakwambia hili mapema ili ujue unachokitafuta kina gharama gani.

Sasa sitapu zako mia. Sitapu haichomi mafuta yaliyokaa juu yake. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja umepiga mpira maelfu kwa maelfu ya mara na mwingine umekaa. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene zaidi kwa msuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa sawa mikono yote miwili. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapa watu mazoezi ya tumbo siku tano kwa wiki, wiki sita mfululizo. Misuli ilipata ustahimilivu zaidi, mafuta ya tumbo hayakupungua. Mwili unapohitaji nishati unachota kwenye akiba ya mwili mzima, kwa mpangilio wake wenyewe, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo hazina ya mwisho kufunguliwa.

Utaniuliza: basi hizo saa saba za magunia zinakwenda wapi? Jibu lake lilipatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wazima 30 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi, wanaotembea kilomita nyingi kila siku. Waliwanywesha maji maalumu yanayowezesha kupima nishati yote anayotumia mtu kwa siku, usiku na mchana. Walitarajia Wahadzabe watakuwa wanachoma kuliko wafanyakazi wa ofisini wa Marekani na Ulaya. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, tofauti haikuonekana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wewe una miaka tisa kwenye hiyo kazi, mwili wako umeshajipanga. Kinacholiamua tumbo ni kile kinachoingia mdomoni, na usingizi.

Hapa ningependa nikuone uso kwa uso, maana barua yako haisemi unakula nini. Lakini ninavyowajua wenzako waliokuja kwangu, siku inakwenda hivi. Saa kumi chai ya rangi ya vijiko vinne vya sukari na maandazi mawili au chapati, maana hapo hakuna kingine kilichoiva. Saa mbili soda, kwa sababu koo limekauka na mikono inatetemeka. Saa nne kinywaji cha kuongeza nguvu. Saa nane, kazi imekwisha, sahani ya wali imejaa mpaka ukingoni na maharage kijiko kimoja, au chipsi mayai. Usiku ugali mkubwa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Ukinywa mbili na chai mbili za vijiko vinne, umekula vijiko ishirini na sita kabla hujagusa chakula.

Sikulaumu. Sukari ndiyo petroli ya bei nafuu pale sokoni, na mtu anayelipwa kwa gunia hawezi kukaa nusu saa kusubiri mama ntilie apike mayai. Lakini hapo ndipo penye mlango, kwa hiyo tuanzie hapo. Beba maji yako kwenye dumu la lita tatu, na ukitokwa na jasho jingi tia chumvi kidogo kwenye chakula, usitafute chumvi ndani ya soda. Chai iache, ila punguza sukari kijiko kimoja kila wiki mpaka ubaki na kimoja. Asubuhi ule kitu chenye protini: mayai mawili ya kuchemsha ambayo umeyachemsha usiku, au mihogo na dagaa, au maharage yaliyobaki jana. Kwa mtu anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu 15, konzi nzuri ya dagaa wakavu nayo haiko mbali na hapo. Kwenye sahani ya saa nane, geuza hesabu: maharage au samaki wawe wengi, mboga nusu sahani, wali ngumi mbili zako. Usijinyime. Mtu wa magunia akikaa na njaa anaangukiwa na mzigo. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, inatosha sana.

Usingizi ndio unaoniuma zaidi kwenye barua yako. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha jaribio dogo la watu kumi waliopunguza chakula kwa siku 14, mara moja wakiwa wanapata saa nane na nusu kitandani, mara nyingine saa tano na nusu. Uzito ulipungua karibu sawa. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyopungua hayakufika hata nusu ya yale ya mwanzo, na sehemu kubwa ya walichopoteza ilikuwa misuli. Anayeamka saa tisa usiku anatakiwa awe amelala saa mbili. Je, chumba chako kinaruhusu? Jirani ana redio? Kama huwezi, tafuta saa moja na nusu ya mchana baada ya kula, gizani, simu ikiwa mbali. Hakuna zoezi nitakalokupa litakalofanya kazi kubwa kuliko hilo.

Sasa fanya kitu kimoja kabla ya zoezi lolote. Jioni, lala chali, miguu ikunjwe, nyayo chini. Weka vidole viwili juu kidogo ya kitovu, halafu inua kichwa polepole kana kwamba unatazama vidole vya miguu. Ukihisi kitu laini kinachomoza kama yai dogo, au ukiona uvimbe kitovuni au kinenani unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala, hiyo inaweza kuwa ngiri. Wabeba mizigo wengi wanaishi nayo miaka, wakidhani ni kitambi. Nenda hospitali ikaangaliwe. Ikiuma ghafla, ikawa ngumu, ikakataa kurudi ndani na ukaanza kutapika, hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

Kama hakuna uvimbe, acha sitapu. Mgongo wako unakunjwa mara mia kila alfajiri, hauhitaji kukunjwa mara mia tena jioni. Kazi halisi ya ukuta wa tumbo ni kuuzuia uti wa mgongo usiyumbe mzigo unapokuja. Bonyeza vidole ndani ya mifupa ya nyonga, sentimita mbili kuelekea kitovuni, kisha kohoa. Umesikia kilichokaza chini ya vidole? Ndicho hicho. Jifunze kukikaza bila kukohoa, robo ya nguvu tu, huku ukipumua. Halafu fanya mambo matatu, siku tatu kwa wiki, dakika kumi na tano. La kwanza ni planki, viwiko chini, mwili umenyooka, sekunde ishirini, pumzika, rudia mara tano. Usitafute dakika tano za sifa. La pili mimi naliita mende, kwa sababu unalala chali mikono na miguu juu kama mende aliyepinduka: shusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole, kiuno kisiachane na sakafu, rudi, badilisha. La tatu unalijua: ndoo ya maji mkono mmoja, tembea hatua arobaini bila kuinama upande wowote, kisha mkono wa pili.

Na kazini, badilisha bega. Kila kuli niliyempima anabebea bega moja. Gunia la kwanza kulia, la pili kushoto. Wiki ya kwanza utaona tabu, ya tatu utazoea. Usianze na gunia zito mara unapotoka kitandani. Usiku diski za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba, na saa moja mbili za kwanza baada ya kuamka hazipendi kuinama sana. Tembea kwenda sokoni ukiweza, anza na viroba vidogo.

Hiyo ndiyo njia. Kwa mtu mwenye kazi yako, miezi minne mpaka sita mkanda utaingia tundu mbili au tatu. Kama vipande vitaonekana au la, sitakuahidi, na wala sitaki uvitafute kwa kufunga kula. Nitakwambia kwa nini.

Miaka michache iliyopita aliletwa kwangu mbeba mizigo wa rika lako, ameshikwa na wenzake wawili. Alikuwa ameinama kuchukua gunia, mgongo ukakataa kurudi. Nilipomvua shati nilishangaa: tumbo lake lilikuwa limechongeka vipande vyote sita, unaweza kuvihesabu kutoka mlangoni. Mwanafunzi niliyekuwa naye akasema, "Huyu anapiga jimu." Nikamuuliza mgonjwa amekula nini tangu jana. Chai na andazi jana asubuhi, akasema, kwa sababu ada ya mtoto ilikuwa imefika. Mikono yangu ikiwa kwenye kiuno chake niliweza kusikia misuli midogo ya pembeni ya uti wa mgongo ilivyokonda. Tumbo lile, lingekuwa la mtu mwingine, lingepigwa picha. Lilikuwa la mtu anayeshinda njaa.

Kwa hiyo matumbo mawili yanayofanana yanaweza kuwa na historia mbili zisizokutana kabisa, na wewe mwenye kitambi unaweza kuwa umefanya kazi kuliko wote wawili. Tumbo la mgombea wako, nikilisoma kitaalamu, linaniambia ana mtu wa kumpikia, analala saa saba au nane, na ana saa moja kwa siku ambayo ni yake. Hayo si makosa. Natamani uyapate wewe pia. Ila ndiyo hayo hayo ambayo mtu wa kazi hana.

Hata mazoezi yenyewe, kitaalamu, si kitu kimoja na kazi. Watafiti wa Denmark wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Katika utafiti wao uliochapishwa 2021, uliohusu zaidi ya watu 100,000, waliofanya mazoezi mengi kwa hiari yao walipata maradhi makubwa ya moyo kwa uchache zaidi, na waliokuwa na kazi nzito ya mwili walipata zaidi. Moyo ni ule ule. Tofauti ni nani anaamua lini upumzike. Anayepiga pushapu anasimama anapochoka. Wewe unasimama fuso linapokwisha.

Turudi kwenye zile ishirini. Pushapu moja inabeba karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 75 ni kama kilo 50, akisukuma nusu mita, mikono yake ikiwa imara ardhini. Ishirini hazimalizi dakika. Ni zoezi zuri, nalipendekeza kila siku, na linathibitisha kwamba kifua na mikono vina nguvu. Halithibitishi zaidi ya hapo. Tumeshaliona: John Magufuli alipiga pushapu jukwaani kwenye kampeni za 2015, kampeni ya "Hapa Kazi Tu". Yoweri Museveni, akiwa na miaka 75, alirekodiwa Aprili 2020 akipiga thelathini ofisini kwake ili watu waliofungiwa ndani kwa sababu ya korona wafanye mazoezi, na hilo kama mtaalamu nililipenda, kwa sababu alichokuwa anauza ni mazoezi yenyewe. Mbali zaidi, miaka ya 1930, Mussolini, dikteta wa Italia, alipigwa picha kifua wazi akipura ngano pamoja na wakulima. Serikali yake ilikuwa imepiga marufuku migomo mwaka 1926, na mwaka 1927 na 1930 mishahara ya wafanyakazi ilikatwa kwa amri. Kifua kilikuwa cha kweli, na amri zile nazo zilikuwa za kweli.

Si mwili tu unaoazimwa. Mwaka 2022 huko Kenya, William Ruto aliomba kura kwa jina la mahasla, yaani watu wanaohangaikia riziki, nembo ya chama chake ikiwa toroli, akisimulia alivyouza kuku kando ya barabara. Wasukuma mikokoteni wengi walijiona humo, na sioni kosa lao. Hadithi ya mtu aliyetoka chini ina uzito wake. Lakini mwaka uliofuata ushuru wa ongezeko la thamani kwenye mafuta ukapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na anayeusikia wa kwanza ni yule ambaye nauli na mafuta ya taa vinakula nusu ya siku yake. Hata kwa Magufuli, aliyejiita mtetezi wa wanyonge, vipimo vipo, na havimo kwenye pushapu. Kuna vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Sh 20,000 vya Desemba 2018, ambavyo wamachinga wengi walivishukuru. Kuna mishahara ya watumishi iliyokaa miaka bila nyongeza ya jumla, mpaka ilipotangazwa, baada yake, ya asilimia 23.3 kwa kima cha chini mwaka 2022. Chukua yote mawili, uyaweke mezani, uamue mwenyewe.

Nchi yetu iliwahi kuandika kipimo cha nani aitwe kiongozi wa wakulima na wafanyakazi. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Unaweza kuyabishia masharti hayo, na wengi waliyabishia mpaka yalipolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini tazama yanauliza nini. Yanauliza pesa yake inatoka wapi, yaani anafaidika nani akifanikiwa. Hakuna mahali yanapouliza ana nguvu kiasi gani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka huo, zaidi ya kilomita 200, na watu wanaikumbuka safari ile. Mimi naikumbuka zaidi Oktoba ya mwaka uliotangulia, alipoukata mshahara wake kwa asilimia 20.

Na kuna jambo la 1967 ambalo ningependa kila kuli alijue. Juni ya mwaka huo, Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa mzigo anaoruhusiwa mtu mmoja kubeba, na pendekezo lililoambatana nao likataja kiwango: mwanamume mzima, kilo 55. Wewe unabeba lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Sheria yetu ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100, lakini unajua kuliko mimi kwamba lile lililoshonewa kofia ya wavu juu linapita, wakati mwingine kwa mbali. Kila nikisikia lumbesa ikilaaniwa, inalaaniwa kwa ajili ya mkulima anayepunjwa bei, na ni haki kabisa. Shingo ya anayelibeba sijasikia ikitajwa. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mji mzima tunaupa anwani kwa jina la watu wa kazi yako, na bado mzani wa kupima mgongo wao haujawekwa.

Basi mgombea akirudi, wenzako watataka kumwambia avue koti abebe gunia tuone. Msimwambie. Anaweza kulibeba. Kijana mwenye afya aliyelala vizuri anaweza kubeba gunia moja, hata matatu, na mtapiga makofi, naye ataondoka bila kuulizwa chochote. Muulizeni mzani wa soko uko wapi na nani atausimamia saa kumi alfajiri, wakati Wakala wa Vipimo wamelala. Muulizeni kuli anayelipwa kwa gunia, asiye na mwajiri, akivunjika mguu atalipwa na nani, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na waajiri, na wewe mwajiri wako ni fuso lililokwisha ondoka. Muulizeni kama atakubali kusema hadharani kwamba gunia la viazi liwe kilo 50, jambo litakalowaudhi wenye magari na madalali, ambao huenda ndio waliomchangia mafuta ya msafara. Msikilizeni anavyojibu hilo la mwisho.

Wewe nitumie vipimo viwili: urefu wa ule uzi, na saa ulizolala kila siku kwa wiki mbili. Niambie pia gunia lako la kawaida lina kilo ngapi, kama utapata mzani.